Kabureta ya zamani inapogoma: dalili kwa dalili, kwa wakusanyaji wa kandokando ya ziwa

Watu wanaoniletea kabureta za zamani (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) hapa Mwanza huanza karibu wote na maneno yale yale: "Mzee, ilikuwa nzima nilipoiweka." Na mara nyingi ni kweli. Kabureta iliyotoka kwenye Land Rover ya misheni, au kwenye Bedford iliyobeba marobota ya pamba, imekwisha kuvumilia vumbi na tope la miaka mingi; haifi kwa kukaa kabatini tu. Huuliwa na unyevu wa ziwa, na petroli iliyosahauliwa ndani, na zaidi ya vyote na ile Jumamosi mwenyewe alipoamua kuing'arisha.

Nimepanga matatizo kwa dalili. Chini ya kila dalili nimetanguliza kisababishi ninachokutana nacho zaidi, kisha vile vya nadra. Anza na ukaguzi usiohitaji spana. Nazungumzia kabureta za aina mbili kwa pamoja: zile za kwenye mkusanyiko ambazo huenda hazitawasha injini tena, na zile ambazo bado unazifunga kwenye gari siku moja moja. Pale dawa zinapotofautiana nitasema.

Kabla hujashika bisibisi

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Fanya kazi nje, kivulini, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kabureta iliyofanya kazi kabla ya hapo huenda bado ina mabaki yake: ule unga wa kijivu au wa kahawia chini ya bakuli, kile chumba kidogo cha kabureta kinachokaa petroli. Usiupulize kwa mdomo wala kwa kompresa ukiwa mkavu. Ulowanishe kwa mafuta ya taa, ufute, nawa mikono kwa sabuni, na usiazime sufuria ya jikoni. Gasketi za zamani na yale matofali meusi yanayokaa kati ya kabureta na manifoldi yanaweza kuwa na asbesto; yalowanishe kabla ya kuyakwangua, na usiyapige msasa.

Piga picha za pande zote, pamoja na namba, kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Kisha jua una chuma gani mkononi. Tukienda kwa majina ya watengenezaji, SU nyingi na Weber DCOE mwili wake ni alumini. Solex, Zenith na Carter nyingi ni za zinki. Zinki ni nzito zaidi ya mara mbili ya alumini, kwa hiyo kiganja kitakuambia. Tofauti hii utaihitaji kote huko mbele.

Dalili: unga mweupe umeota juu ya mwili

Hii ndiyo inayoongoza, hasa masika yakiisha. Mtu anafungua boksi mwezi wa sita na kukuta kabureta imevaa unga kama mhogo.

Kisababishi cha kwanza ni unyevu uliofungiwa ndani. Watu huifunga kabureta kwenye nailoni wakidhani wanaikinga, kumbe wameipikia mvuke. Mchana bati linapata joto, usiku upepo wa ziwa unapoa, matone yanajitengeneza ndani ya mfuko, na zinki inaanza kuliwa. Cha pili ni maji yaliyobaki kwenye bakuli, kwa sababu petroli ikikauka maji yaliyokuwa chini yake hayaondoki nayo. Cha tatu ni kuoshwa kwa kitu kikali: ndimu, siki, asidi ya betri. Cha nne, cha nadra kidogo, ni skrubu za chuma zilizokaa ndani ya zinki yenye unyevu. Unga unaonekana kuzizunguka tu, sehemu nyingine ni safi.

Ukaguzi ni rahisi. Chukua kitambaa cha pamba chenye mafuta ya mashine mepesi, sugua mahali padogo pasipoonekana. Unga ukitoka na chini yake pakawa laini, kijivu, umewahi. Ukikuta vishimo, umechelewa lakini bado inafaa. Ukikuta nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, ruka hadi sehemu ya nyufa huko chini.

Tiba ni mafuta ya taa na mswaki wa zamani, basi. Suuza kwa petroli safi, anika mpaka ikauke kabisa, paka mafuta mepesi, futa yabaki kama pumzi juu ya kioo. Usitumie brashi ya waya. Usipeleke kupigwa mchanga. Na kostiki, ile wanayotengenezea sabuni, isiikaribie kabisa: hula alumini na zinki zote mbili, na wakati inakula hutoa gesi ya haidrojeni ambayo huwaka.

Hapa niseme jambo ambalo limenigombanisha na watu. Kabureta nyingi za zinki zilitoka kiwandani zikiwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, kama chai ya rangi iliyozidi maji. Huo si uchafu. Ni ngozi ya kinga iliyowekwa kwa kemikali. Ukiisugua mpaka chuma king'ae kama sufuria mpya, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kikiikinga, na mbele ya mnunuzi anayejua umepunguza thamani yake. Niliwahi kupeleka Solex kwa fundi mmoja, simtaji, nikamwambia "isafishe." Ilirudi inameta. Nilimlipa, nikamshukuru, nikaenda nyumbani na huzuni. Kosa lilikuwa langu. Kwa fundi wa gereji kusafisha ni kung'arisha, nami sikumwambia nataka nini.

Kuhifadhi: tafuta boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Kabureta iingie ikiwa kavu, imezungushiwa kitambaa cheupe cha pamba. Gazeti lina asidi, na wino wake huhamia kwenye chuma. Tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, lakini ujue hushiba. Aina yenye punje za bluu zikigeuka pinki, zikaushe kwa moto mdogo sana kisha zirudishe. Kipima unyevu kidogo kinachosoma asilimia 40 hadi 50 ndani ya boksi kinakutosha. Sehemu za mpira zikae peke yake, wala usizipake vaseline, kwani mpira wa asili huvimba ukikutana nayo.

Na usiache matundu wazi. Dondola wanapenda vijitundu vya hewa vya kabureta kujengea udongo, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakivutwa na taa huingia mpaka kooni mwa kabureta na kuoza humo. Ziba kwa kitambaa. Usizibe kwa selotepu, maana gundi yake ni kesi nyingine.

Dalili: kipepeo hakizunguki, au skrubu hazifunguki

Mara nyingi ni petroli iliyolala. Ikikauka huacha gundi ya kahawia inayonata kama asali iliyoungua, na gundi hiyo hushika fimbo ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa), pini ya floti (boya la ndani ya bakuli) na jeti (kitundu kinachopima petroli). Kisababishi cha pili ni kutu ya fimbo yenyewe. Cha tatu ni mtu aliyekutangulia: alibana skrubu kupita kiasi au kuipindisha fimbo.

Usiilazimishe kwa koleo. Loweka kwanza: mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, weka tone pande zote mbili za fimbo, acha usiku kucha, rudia siku mbili tatu. Ondoa mpira wote kabla, maana asetoni huuharibu. Ikikataa, tumia maji ya moto. Chovya mwili, toa, jaribu kuzungusha kwa vidole. Joto hutanua zinki na alumini zaidi kuliko chuma cha fimbo, na tofauti hiyo ndogo mara nyingi inatosha.

Usitumie moto wa gesi wala usiiweke juu ya jiko. Aloi za zinki za kabureta huyeyuka karibu nyuzi 385 za Selsiasi, na mkaa uliokolea unapita hapo bila shida. Nimeona Zenith iliyogeuka uji kwenye ukingo. Kama uliisafisha kwa dawa ya kupuliza ya breki, moto ndiyo usiufikirie kabisa, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zikiungua hutoa gesi ya sumu.

Skrubu mbili ndogo zinazoshika bati la kipepeo zinahitaji onyo lake. Kiwandani ncha zake zilipanuliwa kwa nyuma ili zisidondoke ndani ya injini. Ukizizungusha hivyo hivyo, unakata kichwa au unaharibu uzi wa fimbo. Kwanza saga ncha iliyopanuliwa kwa tupa ndogo. Na kama kabureta ni ya kuhifadhi tu, swali ni moja: kwa nini unazifungua? Ziache.

Simama hapa: kichwa cha skrubu kikikatika ndani ya zinki, usianze kutoboa kwa drili ya mkononi. Mpelekee fundi wa kukereza mwenye drili ya kusimama. Drili ya mkononi huteleza kwenda kwenye zinki, ambayo ni laini kuliko skrubu, na tundu linakuwa yai.

Dalili: petroli inafurika au kutiririka nje

Kwa wenye kuendesha magari haya, hili ndilo la hatari. Zima injini, usijaribu tena "mara moja tu."

Kagua kwanza pampu. Siku hizi gari la zamani likikosa pampu yake, watu hufunga pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la EFI, yaani lisilo na kabureta bali linalonyunyiziwa petroli kwa umeme, kwa sababu zipo tele. Pampu ile husukuma kwa shinikizo la takribani psi 40. SU, Solex na Weber zinataka kama psi 3. Hakuna sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, itakayoshindana na hiyo. Unaweza kubadilisha seti tatu za vipuri (ripea kiti) na bado ikafurika, nami nimemwona mtu akifanya hivyo.

Pampu ikiwa sahihi, angalia uchafu kati ya sindano na kiti chake. Gonga ubavu wa bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiacha kufurika, ni taka au gundi. Fungua, safisha, na chunguza ncha ya sindano. Ikiwa na alama ya pete iliyochimbika, badilisha pamoja na kiti chake.

Kisha floti. Itikise karibu na sikio. Floti ya shaba ikiwa na petroli ndani utaisikia ikicheza. Ukitaka uhakika, izamishe kwenye maji ya moto yasiyochemka: hewa ndani hutanuka na mapovu yatakuonyesha tundu. Kuilehemu inawezekana, lakini sikiliza: petroli iliyo ndani lazima itoke yote na mvuke uishe, na kazi ifanywe kwa chuma cha kulehemia, kamwe si kwa moto wa wazi. Floti yenye mvuke wa petroli ikikutana na moto ni bomu la ukubwa wa yai. Tena lehemu iwe kidogo, kwa sababu uzito ukizidi floti inakaa chini na petroli inapanda juu ya kipimo. Kama hujawahi kulehemu, acha, nunua nyingine, na ile ya asili ihifadhi na tundu lake.

Mengine yanategemea aina. SU za zamani za mtindo wa H zina vizuizi vya gamba la mti, kama kizibo cha chupa ya mvinyo, kuzunguka jeti. Zikikaa kavu miaka mingi, gamba linasinyaa na petroli inadondoka chini. Vipya vilowekwe kwenye mafuta ya injini siku nzima kabla ya kufungwa. Zenith 36 IV, ile ya Land Rover, ugonjwa wake ni kifuniko cha juu kilichopinda kwa kubanwa na mafundi wengi, pamoja na kipete cha mpira cha ndani kilichokufa. Weka kifuniko juu ya kioo bapa, kikicheza, kimepinda. Tandaza msasa laini wa maji juu ya kioo na ukisugue kwa kukizungusha mfano wa namba 8 mpaka kilale. Hapa nakubali kusugua chuma cha asili, kwa sababu bila hivyo haifanyi kazi. Kwa kabureta ya rafuni, usisugue.

Solex za Volkswagen Kobe zina bomba dogo la shaba la kuingizia petroli lililobanwa kwenye kifuniko bila uzi. Likilegea linachomoka, na petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Magari yameungua hivyo. Livute kwa vidole kila unapofungua boneti ya nyuma. Likicheza hata kidogo, gari lisiwashwe. Fundi wa kukereza alikate uzi au alibane upya. Gundi ya dukani si dawa.

Dalili: moshi mweusi, plagi nyeusi, gari linakunywa kupita kiasi

Choki isiyorudi, kile kibati kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi, ndiyo ya kwanza. Tazama kwa macho, usiamini kitufe cha ndani. Ya pili ni chujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi. Ya tatu watu wa huku hawaifikirii: mwinuko. Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta iliyopangwa pwani au Ulaya ikifika hapa inatoa petroli ile ile kwa hewa kidogo. Gari lililokuwa zuri Tanga linavuta moshi hapa Nyakato, na fundi anaanza kufungua injini.

Jeti za Solex, Zenith na Weber zimeandikwa namba ambayo ni sehemu za mia za milimita: 125 ni tundu la milimita 1.25. Kwa huku shuka hatua moja, mfano 122.5 au 120, kisha soma rangi ya plagi. Lakini jeti ya asili usiitupe wala usiizibe kwa lehemu ili uitoboe upya. Ifunge kwenye kipakiti, andika ilitoka wapi. Kwa mkusanyaji, jeti yenye namba sahihi ni nusu ya cheti cha kuzaliwa.

Ya nne ni jeti iliyopanuliwa. Kuna mazoea ya kuzibua jeti kwa waya wa breki ya baiskeli. Shaba ni laini, waya ni mgumu. Ukipitisha mara kumi, 125 imekuwa kitu kingine wakati maandishi bado yanasema 125. Zibua kwa kuloweka na kwa upepo. Ikibidi kuchomeka kitu, tumia uzi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba. Mwanza hatuwezi kuukosa.

Dalili: haikai sailensi, inamisi, inavuta upepo

Sailensi ni mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta; hapa injini inapanda yenyewe, inashuka, inazima kwenye taa. Kwa kabureta za umri huu, kisababishi kikuu ni fimbo ya kipepeo iliyolika pamoja na tundu lake. Shika mkono wa eksileta na uutikise juu chini, si kuuzungusha. Ukisikia mchezo, hewa inapita hapo bila ruhusa. Kwa uhakika, injini ikiwa inazunguka, pulizia maji kidogo kwa chupa ya mnyunyizo kwenye ncha za fimbo na kwenye gasketi ya chini. Mlio ukibadilika umepata. Wapo wanaopulizia petroli kwa kazi hii. Wasikufundishe.

Kabla ya kulaumu fimbo, badilisha gasketi ya chini na ulinganishe uso wa kabureta na kioo, kwa sababu ni rahisi na huwa ndiyo yenyewe. Kisha jeti ya sailensi, ambayo tundu lake ni dogo kuliko yote na huziba kwanza. Kisha maji: mimina petroli ya bakuli kwenye chupa nyeupe, acha itulie, tazama chini. Tenki lisilojazwa hukusanya maji yake lenyewe katika hali ya hewa yetu, na dumu la kando ya barabara huongeza mengine. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo huleta dalili hii; inuse, na dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hutoweka, mafuta ya taa huacha alama ya mafuta.

Fimbo ikiwa imelika kweli, hapo si pako tena. Kutoboa mwili na kutia bushi ya shaba kunataka mashine, na tundu likikosea mstari kwa unywele mmoja kipepeo hakifungi. Muulize fundi wa kukereza kama amewahi kufanya kabureta. Akisema "ni tundu tu, bwana," mshukuru uondoke.

Dalili: SU inakohoa ukikanyaga, au pistoni haishuki

Hizi zina tabia zao. Fungua kofia ya juu: kuna mafuta? Wengi hawajui kwamba kile kisima kinataka mafuta mepesi, SAE 20. Kikiwa kikavu, pistoni huruka juu ghafla unapokanyaga na injini inakohoa. Jaza mpaka fimbo ya dampa, ile iliyoshikana na kofia, ianze kukaza wakati kofia imebakiza kama milimita 6 kufika kwenye uzi. Mafuta mazito ya gia si mbadala.

Kisha inua pistoni kwa kidole kupitia kooni, uiachie. Inapaswa kushuka na kugonga kwa mlio mdogo wa chuma. Ikikwama njiani, ni uchafu ndani ya kuba (kile kifuniko ambamo pistoni hupanda na kushuka), au jeti haiko katikati na sindano ya pistoni inaigusa. Safisha kuba na pistoni kwa petroli na kitambaa, bila msasa wala brasso. Kuba na pistoni yake vilichaguliwa pamoja kiwandani. Ukiwa na SU mbili mezani, usifungue zote kwa wakati mmoja, na kama wewe ni mtu wa kupokea simu katikati ya kazi, weka alama. Mimi nilizichanganya mara moja, na jioni nzima ilipotea kutafuta nani ni wa nani.

Ukikuta ugonjwa unaofanana na huu kwenye kabureta yenye kiwambo cha mpira badala ya kuba la kuteleza, hiyo ni Stromberg CD. Kagua kiwambo kwenye mwanga. Tundu la ukubwa wa sindano linatosha kuua nguvu.

Dalili: nyufa kama mtandao, kona zinamomonyoka, kifuniko kimevimba

Huu ugonjwa hauna dawa. Zinki iliyomiminwa ikiwa na risasi kidogo ndani yake, hata chembe isiyofikia sehemu moja ya mia ya asilimia, huanza kuoza kati ya punje zake yenyewe, na unyevu na joto huharakisha. Utaukuta zaidi kwenye vitu vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, kabla viwanda havijapata zinki safi. Hauambukizi. Kabureta mgonjwa akikaa na wazima hatawapa, ingawa mimi humtenga ili unga wake usichafue wengine.

Usiibane, usiilehemu, usiijaze gundi ya chuma ukaifunga kwenye gari: itavunjika siku ikipata mtikisiko, na petroli itakuwa nje. Toa jeti, sindano, kibati cha namba na floti, maana vya shaba huwa vizima. Piga picha mwili, pima vipimo, uweke mahali pakavu uishi utakavyoishi.

Dalili: inafanya kazi vizuri, lakini namba hazisemi kitu kimoja

Hili halisumbui injini, linasumbua mkusanyaji. Kabureta nyingi zilizobaki huku zilipona kwa kuibiana viungo: kifuniko cha hii, bakuli la ile. Si aibu, ndivyo magari yalivyofika Sengerema na kurudi. Ila ujue unacholipia. Kwenye SU tafuta kibati kilichofungwa kwa skrubu ya bakuli, nyingi zimeandikwa AUD na tarakimu. Watu hukitupa wakidhani ni washa, kile kipete cha chini ya skrubu. Kwenye Weber tazama maandishi ya chini ya mwili na neno Bologna, ingawa zilizotengenezwa Hispania baadaye nazo ni Weber halali. Kwenye Solex linganisha namba ya mwili na jeti zilizomo. Kabla hujasema mtu amekudanganya, angalia kama chini ya gasketi kuna rangi tofauti ya chuma. Vipande viwili vilivyozeeka pamoja huwa na kivuli kimoja.

Vyuma chakavu ndiko bahati iliko, kwa kuwa huko wanauza kwa kilo na hawajali jina. Mwaka juzi kijana mmoja aliniita pembeni kule Igoma, akafungua gunia.

"Mzee, hii ya kwako haiendi kwa kilo. Hii imetoka kwenye Peugeot 404 ya Safari Rally. Ile iliyoshinda sitini na saba."

Nikaishika. Ilikuwa Solex ya 404, nzuri, rangi yake ya dhahabu bado ipo. Nikamwuliza ana uhakika ni ya sitini na saba. Akaapa. Kweli 404 ilishinda mwaka 1967, kama ilivyoshinda 1966, mara zote mbili ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka hapa hapa Tanzania. Lakini 404 yao ilikuwa ya sindano za petroli. Haikuwa na kabureta.

Niliinunua kwa kilo.